Chama cha watu 64 kilikufa, cha watu wanane bado kinapumua. Mbona?

Sema ukweli, hapa tuko wawili tu. Ushawahi kuhepa chama?

Mimi nimewahi. Siandiki haya kujipiga kifua kwamba nimebadilika. Naandika kwa sababu ilinichukua muda mrefu kuelewa kilichonifanya nihepe, na nilipoelewa niliona si mimi pekee ninayehitaji kujua. Kama wewe ni kijana wa mjini, una simu, na umewahi kuamka ukapata mtu amekuongeza kwenye kundi la WhatsApp la "kuinuana", basi hii inakuhusu.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili chuoni. Karo ilikuwa imenilemea. Kundi lilikuwa la chama cha mzunguko, wanachama 64. Kila Ijumaa kila mtu anatuma shilingi 500. Zinafika 32,000, watu wawili wanapokea 16,000 kila mmoja, na kufikia wiki ya 32 kila mtu ameonja. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna benki. Hesabu safi kabisa, hata mwalimu wangu wa darasa la sita angeipa tiki.

Jina langu lilikuja wiki ya tano. Nikapokea 16,000 zangu, nikapunguza deni la karo, nikanunua na viatu. Wiki ya sita nikatuma 500. Ya saba nikatuma. Ya nane na ya tisa pia. Lakini hiyo wiki ya tisa nilipofungua orodha, niliona watu sita waliokuwa wamepokea tayari hawana tiki mbele ya majina yao. Waliokuwa zamu wakapata pungufu. Wiki ya kumi nikajiambia, "Ngoja nione kwanza." Nikangoja. Kumbe karibu wote tuliokuwa tumepokea tulikuwa tunangoja. Wiki ya 11 chama kikafa. Hakuna aliyetangaza kifo chake. Watu walianza tu kutoka kundini mmoja mmoja, usiku usiku.

Sasa piga hesabu nami. Nilitoa 500 mara tisa, yaani 4,500. Nikapokea 16,000. Hizo 11,500 za juu zilikuwa jasho la watu wengine. Wengi wao sikuwahi kuona nyuso zao. Isipokuwa mmoja: msichana tuliyekuwa naye darasa moja, ambaye zamu yake ilikuwa wiki ya 27. Alituma mara 11 bila kukosa. Akapoteza 5,500. Wiki chache baadaye tulipatana kwenye steji ya matatu. Aliniangalia, halafu akaangalia viatu vyangu. Hakusema kitu.

Miezi michache baadaye niliacha chuo. Leo niko Pipeline, Nairobi, ghorofa ya tatu, na nina zaidi ya miaka miwili kwenye chama kingine. Cha watu wanane. Sijawahi kuhepa. Kwa hivyo swali langu ni hili: ni mimi yule yule, mfuko ule ule uliotoboka, mbona kule nilikuwa mwizi na huku mimi ni mwanachama mzuri?

Jibu nililokuwa nalo kwanza ni kwamba nimekomaa. Jibu hilo ni tamu lakini si la kweli. Jibu la kweli nililipata nikisoma usiku mambo ambayo hakuna mtihani utanipa alama kwayo.

Mchezo wa pointi

Mwaka wa 1950, Wamarekani wawili, Merrill Flood na Melvin Dresher, walibuni mchezo mdogo sana ambao baadaye uliitwa mtanziko wa mfungwa. Ucheze hivi. Wewe na mwenzako mnachagua kila mmoja kivyake: kushirikiana au kusaliti. Mkishirikiana wote, kila mmoja anapata pointi 3. Mkisalitiana wote, kila mmoja pointi 1. Lakini mmoja akisaliti huku mwenzake ameshirikiana, msaliti anaondoka na 5, na yule mwingine anaenda nyumbani na 0.

Fikiria kidogo. Mwenzako akishirikiana, wewe ukisaliti unapata 5 badala ya 3. Mwenzako akisaliti, wewe ukisaliti unapata angalau 1 badala ya 0. Yaani afanye lolote atakalo, kusaliti kunakulipa zaidi. Naye anafikiria vivyo hivyo. Mwisho wa siku mnabaki na pointi moja moja, mkiangaliana kwa macho makali, na mngepata tatu tatu. Hicho ndicho kilichotupata wiki ya kumi. Hakuna aliyekuwa shetani. Kila mtu alipiga hesabu yake vizuri, na jumla ya hesabu nzuri zote ikawa hasara.

Kama hadithi ingeishia hapo, hakungekuwa na chama hata kimoja nchini. Hakungekuwa na harambee, wala mtu wa kukukopesha unga. Lakini vipo, tena vingi. Kwa hivyo kuna kitu kinakosekana kwenye mchezo huo.

Mtu aliyekitafuta kwa bidii ni Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Aliwaalika wasomi wamtumie programu za kompyuta zicheze mchezo huo, si mara moja, bali mara 200 dhidi ya kila mpinzani. Zikaja programu 14. Nyingine zilikuwa janja kweli kweli: zinakulainisha, zinakusoma, halafu zinakuchapa wakati hujajipanga. Matokeo aliyachapisha mwaka wa 1980.

Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote. Iliandikwa na Anatol Rapoport wa Chuo Kikuu cha Toronto, na tunaweza kuiita "Nipe Nikupe". Sheria zake ni mbili tu. Anza kwa kushirikiana. Baada ya hapo, fanya alichofanya mwenzako mara ya mwisho. Akikusaliti, unamrudishia mara moja. Akirudi kwa wema, unasahau, mnaendelea.

Axelrod akatangaza matokeo, akaitisha mashindano ya pili. Safari hii kila mtu alijua ni nani wa kupigwa. Zikaja programu 62 kutoka nchi sita. "Nipe Nikupe" ikashinda tena. Na hapa ndipo pananifurahisha: programu hiyo haiwezi kumpita mpinzani yeyote kwa pointi katika mechi moja. Inatoka sare au inashindwa kidogo. Inaongoza jedwali kwa sababu kila inayecheza naye, wanavuna pamoja. Wale wajanja walishinda mechi moja moja, wakaharibiana pointi wenyewe kwa wenyewe.

Lakini angalia kitu kimoja ambacho watu husahau wakisimulia habari hii. "Nipe Nikupe" inafanya kazi kwa sababu mtakutana tena. Mkijua hii ndiyo mara ya mwisho, hakuna cha kurudishiwa, na kila mtu anachukua chake anahepa. Kwenye chama chetu cha 64, mwisho wangu ulikuwa wiki ya tano. Nilishapokea. Wiki 27 zilizobaki zilikuwa za kulipa tu, kwa watu ambao sitawahi kukutana nao. Kwangu mimi, kesho ya kile chama ilikuwa imeshakufa kabla chama chenyewe hakijafa.

Uko karibu na nani?

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ile ambayo kwangu ilikuwa mpya kabisa: haitoshi kujua mtakutana tena au la. Lazima ujue nani amepakana na nani.

Mwaka wa 1992, Martin Nowak na Robert May walifanya jambo rahisi. Walichukua kitu kama ubao wa drafti kwenye kompyuta. Kila mraba ni mchezaji. Wengine ni washirika, wengine ni wasaliti, na hawana akili yoyote: hawakumbuki jana, hawapangi kesho. Kila mmoja anacheza na majirani waliomzunguka tu, kisha anaangalia nani hapo karibu amepata pointi nyingi, anamuiga. Basi.

Ukiwachanganya watu hao bila mpango, kila mtu akikutana na yeyote ovyo ovyo, wasaliti wanakula ubao mzima. Lakini wakibaki kila mmoja mahali pake, kitu kingine kinatokea. Washirika wanajikusanya. Wanatengeneza visiwa. Aliye katikati ya kisiwa amezungukwa na watu wa kumsaidia, anapata pointi nyingi, majirani wanamuiga. Msaliti aliye ukingoni anavuna mara moja mbili, lakini akishawageuza majirani zake kuwa wasaliti, anabaki na nani wa kunyonya? Anakuwa mwizi kwenye mtaa wa wezi.

Mwaka wa 2006, Nowak akiwa na wenzake Hisashi Ohtsuki, Christoph Hauert na Erez Lieberman walitoa kanuni unayoweza kuandika kwenye kiganja. Chukua faida anayopata mtu unayemsaidia, gawanya kwa gharama ya msaada huo kwako. Jibu likizidi idadi ya watu ambao kwa wastani kila mmoja ameunganishwa nao, ushirikiano unaweza kushamiri kwenye mtandao huo. Mfano: ukitoa kitu chenye thamani ya shilingi 100 kwako na kinamfaa mwenzako kama shilingi 500, jibu ni tano. Kama kila mtu ana majirani wanne, wema una nafasi. Kama kila mtu ana majirani ishirini, wema unamwagika kama chai kwenye ungo.

Usiichukue kanuni hiyo ukaiweka kwenye chama chako kama ratili ya muuza nyama. Ni hesabu ya ulimwengu uliorahisishwa, wenye watu wengi sana ambao kila mmoja ana majirani wachache. Lakini mwelekeo wake ni wazi, na ni kinyume cha tunachoambiwa kila siku. Sisi tunaambiwa tupanue mitandao. Ongeza wafuasi, ongeza namba kwenye simu, jiunge na kila kundi. Hesabu inasema kusaidiana hukua vizuri mahali ambapo kila mtu ana watu wachache ambao matendo yake yanawaangukia, nao wanajua yametoka kwa nani.

Kama unadhani hiyo ni ya kompyuta tu, muulize popo. Si wale wetu wa kula maembe. Kule Amerika ya Kati na Kusini kuna popo wanaoishi kwa kunywa damu ya mifugo, na akikosa chakula usiku mbili tatu mfululizo anaweza kufa. Mwaka wa 1984 Gerald Wilkinson alieleza alichokiona Costa Rica: popo aliyeshiba hutapika sehemu ya damu na kumlisha mwenzake aliyerudi na njaa. Utafiti wa baadaye, mwaka wa 2013, ulionyesha kwamba kilichoamua nani atalishwa zaidi kilikuwa nani aliwahi kumlisha mwenzake hapo nyuma, hata kuliko undugu. Popo hawana katiba wala mweka hazina. Wana kulala pamoja kwenye tundu moja, usiku baada ya usiku.

Ploti yetu

Sasa nikupeleke ghorofa ya tatu. Chama chetu kina mama mboga wa hapo chini, kinyozi, soja wa usiku, dada anayeuza mitumba Gikomba, vijana wawili wa boda, fundi wa simu, na mimi ninayeandika vitu na kusimamia kurasa za watu mtandaoni. Kila Jumamosi 1,000. Anayepokea anapata 8,000. Baada ya wiki nane tunaanza upya.

Nilipoomba kuingia, mama mboga aliniuliza swali moja tu. "Kijana, unakaa mlango gani?" Nikamwambia. Akasema, "Sawa. Lakini wewe utapokea wa mwisho." Nilikasirika kidogo. Nilidhani ananidharau. Sasa naona yule mama, bila kusoma Axelrod, alikuwa ameziba shimo lile lile nililopitia mara ya kwanza. Mgeni hawezi kupokea na kuhepa, manake akishapokea, mzunguko mwingine unaanza naye akiwa ndani, anajulikana, na analala hapo.

Na kulala hapo si jambo dogo. Maji yakipotea, kinyozi ndiye mwenye mitungi ya ziada. Stima ikizima kwangu pekee, fundi wa simu ndiye anayejua waya. Mama mboga hunikopesha sukuma na nyanya wiki ambayo wateja hawajalipa. Nikihepa chama, sipotezi chama pekee. Nazima kila taa kwenye ile korido. Kule kwenye kundi la 64, nyuzi iliyoniunganisha na wenzangu ilikuwa moja, ya pesa. Ilipokatika, hakukubaki kitu.

Siku moja nilikosa. Mteja alinizungusha, Jumamosi ikapita. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikasikia mlango unagongwa. Ni soja, ametoka zamu ya usiku, hata koti hajavua. "Kaka, uko sawa? Jana hatukuona tiki yako." Aliuliza kama ninaumwa kabla ya kuuliza pesa. Nikamweleza. Akasema nitalipa na faini ya shilingi 50, na kama nitakosa tena ni 200, na mara ya tatu tutakaa kikao. Jumatano nikalipa 1,050. Hapo ikaisha. Hakuna aliyeniita mwizi, na hakuna aliyejifanya hajaona.

Baadaye nikasoma kuhusu Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka wa 2009. Alitumia miaka mingi akichunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotunza malisho, misitu, samaki na mifereji ya maji bila kungoja serikali au kampuni kubwa. Katika mifumo iliyodumu aliona mambo yanayorudiarudia: watu wanajua nani yumo na nani hayumo, wanashiriki kutunga sheria zao, wanaangaliana wenyewe, na adhabu inaanza ndogo kisha inapanda. Shilingi 50, kisha 200, kisha kikao. Soja wetu na mshindi wa Nobel wameafikiana.

Kukata na kuunga

Kuna jambo lingine. Mitandao yetu haijagandishwa kama ubao wa drafti. Unaweza kuhama, unaweza kumfungia mtu kwenye simu. Je, hiyo inasaidia au inaharibu?

David Rand, Samuel Arbesman na Nicholas Christakis walilijaribu hilo na watu halisi, wakachapisha mwaka wa 2011. Watu walicheza mchezo wa kusaidiana kwenye mtandao. Pale ambapo hawakuruhusiwa kubadilisha majirani, au waliruhusiwa mara chache tu, ushirikiano ulipungua raundi baada ya raundi. Pale ambapo waliruhusiwa mara kwa mara kukata uhusiano na kuunga mwingine, ushirikiano ulisimama imara. Watu walikata kamba na wasaliti, wakaunga na washirika. Na msaliti akiona kamba zake zinakatika, anapata sababu ya kujirekebisha.

Kwa hivyo ile tabia ya "ni rafiki yangu wa tangu shule, siwezi kumwacha hata akinila kila mwezi" si uaminifu. Unamlipa mtu asibadilike. Kukata si lazima kuwe kwa matusi. Sema tu, "Ndugu, pesa zetu sisi haziendani, tubaki kwa stori." Na ukiona amerekebisha njia, unga tena. "Nipe Nikupe" ilishinda kwa sababu inaadhibu haraka na inasamehe haraka. Sisi tunapenda kufanya kinyume: tunanyamaza miaka miwili, halafu tunalipuka siku moja na hatusamehe milele.

Lakini Juni 2024 je?

Najua unachotaka kuniambia. Mbona Juni 2024 watu wasiojuana walisimama pamoja dhidi ya Mswada wa Fedha? Walioujua mswada waliutafsiri kwa lugha za nyumbani ili wengine wauelewe. Mawakili walijitolea kwa waliokamatwa, watu walichangia waliojeruhiwa ambao hawakuwahi kukutana nao. Huo si mtandao wa watu wanane.

Ni kweli, na sitaki kuupunguza kwa hesabu. Watu walikufa. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, kila kitu kilikuwa wazi: risiti zinawekwa mtandaoni, orodha zinasomwa na kila mtu. Kuna njia ya ushirikiano ambayo haihitaji mkutane tena, inahitaji tu sifa yako isafiri. Nikikusaidia leo na watu wakaona, kesho mwingine atanisaidia. Pili, niliowajua mimi waliokwenda mjini hawakwenda peke yao. Walikwenda na mbogi zao, watano, wanne, wakishikana mikono wakati moshi umewazidi. Ule umati kwa mbali ulikuwa mmoja. Kwa karibu, mimi niliona visiwa.

Na kuna upande ambao haupendezi, lazima niuseme. Kisiwa kinachosaidiana ndani kinaweza kuwa kikali kwa aliye nje. Steji ya boda ambayo humchangia mwenzao akivunjika mguu ndiyo inaweza kumzingira dereva wa gari kabla hajasikilizwa. Walanguzi wanaopandisha bei pamoja pia wanashirikiana. Genge linashirikiana. Kushirikiana peke yake si wema. Ni nguvu, na lazima uulize inamwangukia nani.

Kabla hujabonyeza "jiunge"

Kwa hivyo wakikuongeza kwenye kundi lingine wiki hii, usiulize kwanza utapokea ngapi. Uliza haya. Je, kuna angalau watu watatu hapa ambao nikiwakosea nitakutana nao njiani? Anayepokea mapema ana sababu gani ya kuendelea kulipa? Nikikosa mara moja, nitaulizwa na nani, na faini ni ngapi? Tiki zinaonekana na kila mtu, au na msimamizi pekee? Na mzunguko ukiisha, unaanza upya, au ndio kwaheri?

Kama majibu hayapo, haijalishi msimamizi anaomba vizuri kiasi gani kabla ya mkutano. Kama kundi ni kubwa na mnataka liishi, ligaweni. Watu 64 wanaweza kuwa visiwa vinane vya wanane wanane, kila kimoja cha watu wanaojuana, na kila kimoja kikiwajibika kwa watu wake. Usijaribu kuwafanya watu 64 wawe malaika. Malaika hawahitaji chama.

Na kama uliwahi kuhepa kama mimi, nina neno moja kwako. Mwaka jana nilitafuta namba ya yule msichana wa darasa letu. Nikaanza kumtumia 500 kila Ijumaa. Wiki ya kwanza hakujibu. Ya pili akaandika, "Hii ni ya nini?" Nikamweleza. Hakujibu tena. Nikaendelea. Wiki ya 11 nilipotuma ya mwisho, akaandika neno moja: "Imeingia." Hatujawa marafiki, na sidhani tutakuwa. Sikulipa ili niwe rafiki.

Zimebaki 6,000. Hizo siwezi kuzirudisha, manake sijui ni za nani. Kundi lilifutwa, majina mengine yalikuwa ya utani, namba nyingine zimebadilishwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuhusu mtandao wa watu wasiojuana: ni rahisi kuiba humo, na ni vigumu zaidi kurudisha.

Kama ulikuwa kwenye chama cha watu 64, mia tano tano kila Ijumaa, kilichokufa wiki ya 11, na jina lako lilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakingoja, niandikie.